Daktari wa Mwaka wa Sita

Kila jioni aliporudi kazini, Daktari alisimama kwanza kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Kwao ilikuwa ghorofa ya tatu. Alitoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaegemea ukuta, akaanza kuchokoa grisi chini ya kucha, kidole kimoja kimoja, kuanzia gumba la mkono wa kulia. Jirani wa chini alikwisha kumzoea. Akipita na ndoo yake ya taka humtupia neno, “Leo zimekuwa nyeusi kweli,” naye humjibu, “Leo mashine ilikuwa na kiburi.” Kisha alinusa mikono, akapanda ngazi kumi na sita zilizobaki. Baba hakupenda kuona grisi mezani kwake. Mikono ya daktari haiwi hivyo, alisema.

Hakuwa daktari. Hilo jina alipewa nyumbani, na alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha kufulia, mtaa wa nyuma ya stesheni, ambako mashuka ya hospitali na hoteli yaliingia machafu kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango mwingine yamenyooka kama karatasi. Yeye alikuwa upande wa pasi kubwa, ile ya rola, inayomeza shuka huku na kulitema kule. Kwa hiyo baba alipowaambia watu kwamba binti yake anashinda na mambo ya hospitali kutwa nzima, uongo wake ulikuwa na miguu. Mashuka ya hospitali yalipita mikononi mwake mia tano kwa siku.

Uongo huo ulianza hivi.

Kule nyumbani walikotoka, ukoo ulipata nafasi ya kupeleka familia moja ng'ambo. Wakakaa kikao. Kila mtu alitaka iwe nyumba yake, watu wakavimbiana mashavu, mpaka bibi akasema iende nyumba ya yule mtoto anayeshika namba moja darasani. Akawe daktari. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko nyuma ya mlango anasikiliza. Tangu siku ile alijua kwamba baba, mama na masanduku yao manne watasafiri kwa sababu yake.

Huku waliwekwa shule ya lugha kwanza. Namba moja wa kule akawa wa mwisho huku, anakaa na watoto wanaomfika begani. Akajikaza kisabuni. Lugha akaishika, madarasa akayapanda, akafika mlangoni pa chuo cha udaktari, akafanya mtihani wa kuingia. Akashindwa. Mwaka uliofuata akafanya tena, akashindwa vibaya zaidi. Yale majibu ya pili baba aliyasoma amesimama, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye droo ya vijiko.

“Tusiwaambie kwanza,” alisema.

Hiyo “kwanza” ilichukua miaka sita.

Maana familia ilikuwa na kawaida yake. Kila mwaka walirekodi filamu ya kuwapelekea ndugu. Haikuwa filamu ya maana, ni dakika ishirini za kuonyesha kwamba wako hai na wameshiba: mama karibu na jiko, baba amevaa tai anasoma gazeti, dirisha, barabara, magari. Baba alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari. Alishinda ndani ya kibanda cha kioo chenye upana wa kabati la nguo, akibonyeza kitufe cha kuinua mti wa kuzuia magari, na waliopita hawakuwahi kumtazama usoni. Siku ya filamu ndiyo siku pekee aliyosimama, akanyoosha mgongo, akahutubia watu.

Mwaka ule wa majibu ya pili akamvuta binti mbele ya kamera, akasema, “Na huyu ndiye daktari wetu. Ameanza mwaka wa kwanza.” Binti alikuwa amevaa koti jeupe. Baba ndiye aliyemwomba aliazime kiwandani, kwa siku moja tu, lilikuwa kwenye fungu linalosubiri kuchukuliwa. Alidhani baba anataka kupendezesha picha.

Kule nyumbani ukoo mzima ulijazana kwa shangazi kutazama. Wakajibu kwa filamu yao wenyewe: watu arobaini wamesimama uani wanapiga makofi. Wanapiga, wanapiga, hawachoki. Bibi aliletewa kiti akawekwa mbele, na yeye anapiga. Baada ya hapo ungeanzaje kusema?

Basi kila mwaka akapanda darasa. Mwaka wa pili alishika kitabu kinene, ambacho kilikuwa orodha ya vipuri vya mashine iliyovishwa gazeti. Mwaka wa tatu mjomba, kaka wa mama, alilazwa kwenye sofa awe mgonjwa. Akatekenywa na kifaa cha kupimia mapigo, akacheka mpaka akaanguka, ikabidi warudie mara saba. Mwaka wa nne bibi alikuwa ameshafariki, na filamu ikaanza kwa Daktari kueleza maradhi yaliyomuua, kwa maneno ambayo baba aliyatafuta kwenye simu. Mwaka wa tano aliwashauri watu wa nyumbani wanywe maji mengi. Wakanywa.

Yule wa kwenye filamu alipanda. Huyu wa kweli alikaa palepale. Hakuweza kupiga picha na wenzake wa kazini, zisije zikamfikia binamu fulani. Kwenda kuwaona ndugu ndiyo kabisa. Angepangiwa foleni ya wagonjwa tangu siku ya kwanza. Kijana mmoja wa upande wa kukunja taulo alimpenda, mtu mpole, akaja mpaka nyumbani na viatu vimeng'arishwa. Baba alimkaribisha vizuri, kisha akamwuliza, “Wewe unaweza kumsubiri daktari amalize?” Kijana akadhani ni utani. Akacheka. Hakukaribishwa tena, na mwaka uliofuata akaoa kwingine. Daktari alinyoosha mashuka yake wiki ile bila kuongea na mtu, na mama akamtazama na pini zake mdomoni. Mama alikuwa akishona pindo za nguo za watu, hapo hapo sebuleni. Muda wote alikuwa na pini tano sita midomoni, na huo ukawa udhuru wake wa kutosema lolote.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kwake. Alizijua mashine.

Hakufundishwa. Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye maneno mengi, akifungua mashine alipiga kelele na kuitukana kama mke wa pili, na yeye alisimama pembeni akitazama mikono yake, si mdomo. Siku moja fundi mkuu anaumwa jino, rola ikakwama na shuka limejisokota ndani, wenzake wamekaa wanapiga soga. Akachukua spana. Akalegeza mkanda, akatoa shuka, akaona beringi inayozungushia rola imekwisha, akaibadilisha kwa ile ya akiba iliyokuwa ikilala kabatini miaka. Fundi mkuu aliporudi kesho yake, shavu limevimba, akaisikiliza mashine, akaizunguka.

“Nani ameigusa hii?”

“Mimi.”

“Nani amekufundisha?”

“Wewe.”

“Mimi? Mimi sijakufundisha hata kufunga mlango!”

“Nilikuwa nakuangalia.”

Mzee akamkodolea macho, halafu akacheka upande mmoja wa mdomo, ule usiouma. Tangu siku hiyo akawa anamwita, “Njoo ushike taa,” na kushika taa kukawa kushika spana, na ndipo grisi ilipoanza kuingia kwenye kucha.

Jumatatu ya wiki ile tunayoisimulia, fundi mkuu alimwita chemba, kwenye stoo ya sabuni.

“Kampuni inafungua kiwanda kingine. Mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Mimi napelekwa, na nimeambiwa nichague mtu wa kumfundisha ufundi. Miaka miwili, unapewa cheti chako na chumba cha kuishi. Nimekuchagua wewe.”

Mashine kubwa ilikuwa inasuuza upande wa pili wa ukuta, na rafu za sabuni zikitetemeka.

“Jina lako nimeliandika kwa penseli,” fundi mkuu akaendelea. “Ijumaa nataka kuliandika kwa kalamu. Gari la kampuni linaondoka Jumapili saa sita mchana, geti la nyuma. Dereva hana subira, mimi ndio sina kabisa.”

“Nitauliza nyumbani.”

“Una miaka mingapi wewe?”

“Ishirini na sita.”

“Unauliza nini?” alisema mzee, akampa kisogo, akaenda kuitukana mashine namba nne.

Aliuliza Alhamisi, wakati wa kula. Aliyapanga maneno tangu Jumatatu, akayapanga upya njiani, na alipofungua mdomo yakatoka kinyumenyume.

“Baba, kuna chumba. Yaani kuna kazi. Ya ufundi, ya mashine. Ni mji mwingine.”

“Nani anaumwa?” aliuliza baba, ambaye alikuwa akisikia nusu.

“Hakuna anayeumwa. Mimi nimepewa nafasi ya kusomea ufundi wa mashine za kufulia.”

Baba aliweka kijiko chini taratibu. “Mashine za kufulia.”

“Ndiyo, baba.”

“Mimi niliacha kazi, niliacha nyumba, mama yangu akazikwa nisiwepo, nikaja kukaa kwenye kisanduku cha kioo, ili wewe ukaongee na mashine za kufulia?”

“Tayari naongea nazo, baba. Miaka saba sasa.”

“Hiyo ni kazi ya kushikiza! Watu wote wana kazi ya kushikiza!” Akageuka kwa mama. “Unamsikia mwanao?”

Mama hakuwa na pini mdomoni, alikuwa na chakula. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula chenyewe kilivyotaka.

Ghafla baba akalegea, akatabasamu, akampapasa binti kichwani kama mtoto. “Umechoka tu. Mwaka wa sita huwa mgumu. Jumapili asubuhi tunarekodi mahafali, mjomba wako analeta joho. Saa tatu kamili. Tukishamaliza utapumzika.”

Alisema “mwaka wa sita huwa mgumu” kwa uso mkavu, bila kukonyeza, kama mtu aliyeuona. Hapo Daktari aliogopa. Miaka yote alidhani baba anajua anaigiza.

Hata hivyo neno moja alilidaka: tukishamaliza. Usiku kucha akalitafuna. Akimaliza, si amemaliza? Akishahitimu kwenye filamu, baba atakuwa amepata alichokitaka, ukoo utapiga makofi yake ya mwisho, na kila mtu ashike njia yake. Ijumaa akamwendea fundi mkuu, akamwambia, “Andika kwa kalamu.” Jumamosi akapanga begi, akalisukuma chini ya kitanda. Alipiga hesabu zake: kurekodi saa tatu, kumaliza saa nne na nusu, kuaga, na kwa miguu mpaka geti la nyuma ni dakika ishirini na tano. Nafasi ipo.

Jumapili mjomba alifika amechelewa, na kamera yake ya miguu mitatu na mfuko mweusi. Alikuwa anafanya kazi kwenye bohari la kukodisha mavazi ya michezo ya kuigiza, na hilo joho alilitoa huko.

“Shika kwa heshima,” alimwambia binti wa dada yake. “Hili ni la hakimu. Wiki iliyopita tu limefunga watu wawili kifungo cha maisha.”

“Linaonekana ni la hakimu?” baba akashtuka.

“Shemeji, kule nani atajua? Ningeleta hata la kinyozi.”

Waliihamisha sebule. Baba alitaka ukuta mtupu, mweupe, kama wa ukumbi, kwa hiyo sofa kubwa likasukumwa mpaka likakaa sawasawa kwenye mlango wa chumba cha kulala. Cherehani ya mama ikavutwa karibu na mlango wa nje, na mama mwenyewe akakaa hapo na kazi yake, maana alikuwa na pindo za kumaliza. Daktari akavaa joho. Lilikuwa na harufu ya vipodozi vya watu wengine, na mikono yake ilimfunika mpaka vidoleni. Akavaa na viatu vyeusi vya visigino vifupi ambavyo baba alivinunua makusudi.

“Tabasamu,” alisema mjomba nyuma ya kamera. “Siyo hilo. Hilo ni la mtu aliyekanyagwa.”

“Sema sasa,” baba akaelekeza. “Ndugu zangu, leo nimehitimu.”

“Ndugu zangu, leo nimehitimu.”

“Na sasa naanza masomo ya ubingwa wa moyo.”

Mjomba akachungulia kutoka nyuma ya kamera.

“Baba, ubingwa gani?”

“Wa moyo. Miaka minne. Kisha kuna mwingine wa kupasua, nimesoma, ni miaka mitatu juu ya hiyo.”

“Ulisema tunamaliza.”

“Tunamaliza mwaka wa sita,” baba alisema kwa upole. “Daktari hamalizi kusoma, mwanangu. Ukimaliza watataka urudi uwatibu, nitawaambia nini? Simama vizuri. Shemeji, washa.”

Akaiona miaka imejipanga mbele yake kama mashuka kwenye rola, minne, kisha mitatu, kisha mingine ambayo baba angeisoma kwenye simu. Atazeeka mwanafunzi. Joho lilimpa joto, jasho likamtiririka mgongoni, na hakuruhusiwa kukaa asije akalikunja joho.

Ndipo simu ya baba ikalia mezani. Alikuwa shangazi, dada wa baba, yule ambaye watu hukusanyika kwake kutazama. Mjomba, ambaye alikuwa karibu na meza, akabonyeza kipaza sauti kwa wema tu, ili wote wasalimiane.

“Nipeni daktari wangu!” sauti ikajaa chumbani. “Yupo?”

“Nipo, shangazi. Shikamoo.”

“Marahaba, roho yangu. Sikiliza, mguu huu utaniua. Nimefanya kila ulichoniandikia. Maji ya moto na chumvi mara tatu kwa siku, na kutembea sana. Kidonda hakifungi. Sasa vidole viwili sivisikii, na kimoja kimekuwa cheusi.”

Daktari hakuwahi kumwandikia neno. Alimtazama baba. Baba alikuwa anatazama pazia.

“Nilikuandikia lini, shangazi?”

“Si tangu mwezi uliopita? Kwenye simu ya baba yako. ‘Daktari anasema hivi, Daktari anasema vile.’ Hapa wamenipeleka hospitali jana, wanataka kunilaza leo, wanasema vidole vikatwe upesi kabla uozo haujapanda juu. Nikawaambia nyinyi ni nani? Mimi nina daktari wa damu yangu. Nikarudi nyumbani kusubiri neno lako.”

“Rudi hospitali, shangazi. Sasa hivi.”

“Nitarudi ukisema. Ila wakate wasikate? Amua wewe. Nikifika nitawapa simu uongee nao, mambo yenu ya kitaalamu.”

Baba alisogea, akamnong'oneza sikioni, “Mwambie wakate. Mwambie chochote. Atakusikia, anakusikia wewe tu! Sema kama daktari, tumalize.”

Na ilikuwa kweli. Kwa sauti hiyo hiyo ya kwenye filamu angeweza kumpeleka shangazi popote. Halafu wangempa simu daktari halali, amwulize vipimo, amwulize dawa, na mguu wa shangazi ungekuwa mikononi mwa mtu ambaye anajua beringi na mikanda.

“Shangazi,” alisema, “mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Nilifeli mtihani wa kuingia, mara mbili. Kazi yangu ni kunyoosha mashuka kwenye kiwanda cha kufulia. Hayo ya chumvi sikuyaandika mimi.”

Shangazi akacheka, kicheko kirefu cha mapenzi.

“Haya, ameanza! Marehemu bibi yako alikuwa hivyo hivyo, ukimsifu anajishusha. Mwanangu, nimekuona kwa macho yangu miaka mitano. Nimekuona na koti. Nimekuona unampima mjomba wako.”

“Lilikuwa koti la kuazima, shangazi.”

“Kaka!” shangazi akaita. “Mtoto anasema nini huyo?”

Wote wakamgeukia baba. Daktari aliomba kimoyomoyo, kwa nguvu zote, aseme. Neno moja tu. Ni dada yake wa tumbo moja.

“Amechoka,” alisema baba. “Mitihani imemlemea. Usimsikilize.”

“Nilijua mimi. Basi nimsubiri mpaka apumzike?”

Kwenye cherehani mama alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake mdogo. Akainuka, akaichukua simu.

“Wifi.”

“Ee! Wifi! Kumbe upo?”

“Nipo. Nisikilize. Nenda ukalazwe leo hii. Madaktari wa huko wakisema wakate, wakate. Hapa kwetu hakuna daktari. Hatujawahi kuwa naye.”

Mama hakuwahi kusema neno kwenye filamu yoyote kati ya zile. Labda ndiyo sababu shangazi alimwamini. Ilisikika pumzi, na kiti kikivutwa.

“Haya, wifi,” alisema shangazi, kwa sauti ndogo sana. Simu ikakatika.

Vidole viwili vilikatwa jioni ile, mguu ukapona. Hiyo ilikuja kujulikana baadaye. Kwa wakati ule hawakujua lolote, walisimama tu. Mjomba alijifanya anafuta kioo cha kamera. Baba alitembea mpaka kwenye sofa akakaa, mgongo wake umeuziba mlango wa chumba, akajishika magoti. Alionekana kama akiwa kibandani kwake.

Daktari alidhani atalia. Alitaka hata kumwendea.

“Tutarekebisha,” alisema baba.

“Turekebishe nini?”

“Nitamwandikia kwamba mama yako alikuwa amekasirika, tumegombana humu ndani. Mgonjwa husikia mambo vibaya. Rudi ukutani. Tukiituma mahafali leo hii, kabla hajaongea na watu, itafunika.” Sauti ilikuwa inapata nguvu kadiri anavyoendelea. “Shemeji, washa. Anza pale pa ubingwa.”

“Shemeji…” mjomba alisema.

“Washa! Hakuna anayetoka humu mpaka imalizike.”

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu. Begi lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya mlango, nyuma ya sofa, nyuma ya baba. Kulichukua kungetaka kumwomba ainuke, na kumwomba kungetaka kueleza, na kueleza kungemrudisha kwenye ukuta mweupe. Alimjua baba yake. Angeinuka, ndiyo, lakini kwa masharti: tumalize kwanza.

Akavua joho. Kwa mazoea ya kazi akalikunja vizuri, mikono ndani, mara mbili kwa urefu, akaliweka juu ya meza.

“Unafanya nini?” baba aliuliza.

“Nakwenda, baba.”

“Wapi? Hivyo hivyo?”

“Hivi hivi.”

“Ukitoka na mimi nimekaa hapa…” baba alianza, lakini hakuwa na mwisho wa sentensi hiyo. Hakuwahi kuihitaji.

Mama alikuwa amerudi kwenye cherehani, na kiti chake kilikuwa kimeziba nusu ya mlango wa nje. Akakivuta pembeni kidogo. Akaendelea kushona pindo lake, mguu haupumziki kwenye pedali.

Alishuka ngazi na vile viatu vya mahafali, vinapiga kelele kila hatua. Kutoka juu alisikia baba anamwita, kisha mjomba anamwambia baba kitu, kisha mlango. Mtaani jua lilikuwa kali na watu wachache. Alitembea haraka, akavuka kwenye taa nyekundu, akapita stesheni, akavua viatu akavishika mkononi ili aweze kukimbia, akakimbia.

Gari la kampuni lilikuwa linanguruma kwenye geti la nyuma. Fundi mkuu alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa yake na kuilaumu.

“Begi lako liko wapi?”

“Limebaki.”

“Tuna dakika kumi. Si karibu? Gari likupeleke ulichukue.”

Alitazama njia aliyotokea. Angefika, angepanda, baba angekuwa bado kwenye sofa.

“Hapana,” alisema. “Tuondoke.”

Mzee alimtazama miguuni, akatazama viatu mkononi, akampisha. Ndani kulikuwa na masanduku ya vipuri na viti vitatu vitupu. Akachagua cha nyuma ya dereva, akakaa, akavaa viatu. Dereva hakusubiri saa sita. Geti likafunguliwa, gari likakata kona ya kiwanda, likaingia barabara kubwa, na yeye hakurudi, siku ile wala nyingine.